Kufunga vaisi nyumbani: iweke wapi, kimo gani, na uikazeje isicheze

Vaisi yangu ya kwanza, kile kifaa cha taya mbili kinachobana kitu unachokifanyia kazi, niliifunga kwa skrubu nne za mbao juu ya meza ya zamani ya chakula, nikaiweka ndani kama kiganja kizima kutoka ukingoni maana niliona hapo ndo imekaa salama. Wiki hiyo hiyo nikaletewa paipu ya futi tatu niisawazishe mdomo kwa tupa. Nataka kuisimamisha wima kwenye vaisi, haiingii, chini ya taya kuna meza. Nikailaza, nikaanza kupiga tupa, meza nzima ikawa inatembea na mimi sakafuni, na kufika jioni skrubu mbili za mbele zilishang'oka na vipande vya mbao. Tangu hapo nimefunga vaisi nyingi, zangu na za watu, na karibu kila niliyoitwa kuiangalia kwa sababu "haishiki vizuri" ilikuwa nzima kabisa, shida ilianzia pale ilipofungwa. Kwa hiyo ntaeleza taratibu tukianzia kabla hujagusa drili.

Vitabuni inaitwa jiliwa, ila ukienda duka la vifaa ukasema jiliwa wengi watakuuliza ndo nini. Sema vaisi.

Kwanza iangalie vaisi yenyewe

Vaisi inapimwa kwa upana wa taya, ukisikia inchi 4 ujue taya zake zina upana huo. Kwa kazi za nyumbani, yaani bawaba, baiskeli, vipuri vya pikipiki, kunoa panga, kukata nondo moja moja, inchi 4 au 5 inatosha. Inchi 6 ni ya mtu anayetengeneza mageti na madirisha, na ukiichukua jua kabisa benchi lako linatakiwa liwe zito kuliko la mwenzako.

Ukinunua ya mkononi, yaani iliyokwisha tumika, na mi napenda za mkononi maana za zamani nyingi ni nene, ipindue uangalie yale masikio ya chini yenye matundu ya bolti. Nyingi ni za chuma cha kumimina, mafundi wanaita kasti, na kasti haipindi, inapasuka. Ukiona mstari mwembamba kama unywele unatoka kwenye tundu, au pamechomelewa, iache. Alafu ifungue mpaka karibu na mwisho ushike taya ya mbele uitikise juu chini, kuchezacheza kidogo ni kawaida ila ikilegea kama jino bovu achana nayo. Mwisho ifunge uitazame kwenye mwanga, taya zigusane pande zote.

Mahali pa kuiweka

Hapa ndo nataka utulie kuliko sehemu nyingine yoyote, maana bolti unaweza kubadilisha kesho lakini matundu ukishatoboa yametobolewa.

Iweke karibu na mguu wa benchi. Sehemu ya katikati ya benchi ina mneso, hata mbao ikiwa nene, ukigonga inadunda kama ngoma na nguvu yako yote inaishia kwenye mdundo. Juu ya mguu nguvu inashuka moja kwa moja mpaka sakafuni. Ila chungulia chini kwanza, ukiiweka katikati kabisa ya mguu utakuta bolti moja inatakiwa ipite ndani ya mguu na nati huna pa kuifungia. Mi huwa naisogeza mpaka matundu mawili ya mbele yapite mguu kushoto na kulia, au vaisi nzima naikalisha ubavuni mwa mguu, inchi mbili tatu tu kutoka hapo. Angalia pia kama kuna skrubu au msumari wa mbao ya kukazia, biti ya drili ikikutana nao inakatika.

La pili ni ukingo. Vaisi ina taya mbili, ya mbele inatembea na ya nyuma imesimama. Uso wa ile ya nyuma, pale panapobana, unatakiwa utokeze nje ya ukingo wa benchi kidogo, nusu sentimita mpaka sentimita moja inatosha. Hapo ukiweka paipu au mbao ndefu wima itashuka mpaka sakafuni bila kugusa benchi. Hili ndo kosa lililonitesa mimi na ndo ninalolikuta sana kwa watu, kwa sababu macho yanakwambia vaisi ikikaa ndani iko imara zaidi. Cha kuangalia ni usivuke mipaka, kitako cha vaisi kikae chote juu ya mbao, na bolti za mbele zibakiwe na mbao ya inchi moja na nusu hivi mbele yake, zikikaa ukingoni sana mbao itapasuka. Kuna vaisi ambazo umbo lake halikuruhusu upate vyote viwili, basi kata kipande cha ukingo pale katikati paipu inapopita, mraba mdogo wa inchi mbili, benchi halitakuwa dhaifu kwa hilo.

Alafu nafasi ya pembeni. Kabla hujaweka alama yoyote, kalisha vaisi juu ya benchi bila kufunga, bana skwea paipu (paipu ya pembe nne) ndefu au fimbo ya mita mbili imelala, uone inagonga ukuta wapi, inagonga rafu wapi, inaziba mlango au haizibi. Watu wengi wanaweka benchi kwenye kona ya stoo na vaisi upande wa kona, kila siku wanalazimika kukata nondo kwanza vipande ndo wabane. Kama una ukuta upande mmoja, weka vaisi upande ulio wazi. Na uzungushe mpini mzunguko kamili, usigonge mguu wa benchi wala droo wala goti lako.

Mwanga pia. Ukitumia mkono wa kulia, dirisha likiwa kushoto kwako kivuli cha mkono hakiangukii kwenye alama unayokata. Grainda usiifunge mahali ambapo cheche zinaelekea kwenye vaisi, vumbi lake ni sumu kwa nyuzi za skrubu kubwa.

Fundi seremala ana mambo yake. Vaisi ya mbao, ile ya taya pana inayofungwa ubavuni mwa benchi, kwa mtu wa mkono wa kulia inakaa upande wa kushoto wa benchi, kwa sababu randa anaisukuma kutoka kulia kwenda kushoto na ubao unasukumwa kuelekea panapobana. Mkono wa kushoto ni kinyume chake. Mengine yote ninayoyasema hapa ni ya vaisi hii ya chuma.

Kimo

Kimo nilifundishwa na mzee mmoja wa Keko, Dar es Salaam, ambaye nilikuwa naenda kumshikia mbao nikiwa bado shule. Nilifika nikamsalimu, shikamoo mzee, marahaba, akaniona nimeinamia vaisi yake napiga tupa huku mgongo umekunjika. Akasema, "Njoo usimame hapa mwanangu. Simama wima. Kiwiko weka juu ya taya. Vidole vinyooshe juu." Ilibidi niiname ndo kiwiko kifike, vidole vyangu vikapita mdomo vikafika karibu na pua. "Unaona, hii imefungwa kwa urefu wangu. Kwako vidole viishie kidevuni." Alikuwa mfupi kuliko mimi, vaisi yake kwangu ilikuwa chini mno.

Hebu niinyooshe hiyo vizuri maana ni rahisi kuichanganya. Kiwiko kikiwa juu ya taya na umesimama wima, ncha za vidole zikifika kidevuni, kimo ni chako. Ukilazimika kuinama ndo kiwiko kiguse taya, kama ilivyokuwa kwangu, vaisi iko chini. Ukilazimika kunyanyua bega, iko juu. Njia nyingine inayoleta jibu lile lile ni kupima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko mkono ukiwa umekunjwa, juu ya taya pawe hapo au sentimita chache chini yake.

Mfano wangu: kiwiko changu kiko sentimita 105 kutoka chini, nikiwa nimevaa viatu vya kazi. Vaisi yangu kutoka kitako mpaka juu ya taya ni sentimita 15. Toa, unabaki na 90, ndo kimo cha benchi langu. Pima ya kwako, usichukue 90 yangu. Kama kazi yako kubwa ni kugonga na kupinda, shusha sentimita tano hivi upate uzito wa mwili. Kama ni kazi ndogo ndogo za kuangalia kwa karibu, kunoa misumeno, kuchonga funguo, panda kidogo.

Benchi likiwa fupi tayari, usiliongezee miguu kwa matofali. Weka chini ya vaisi kipande cha mbao ngumu, mninga au mkongo, chenye unene unaopungua, bolti zipite vyote viwili. Likiwa refu, kata miguu, au simama juu ya jukwaa la mbao, na jukwaa lina faida ya kuupumzisha mguu usikae kwenye sementi baridi siku nzima.

Benchi lenyewe

Juu pawe na unene wa inchi mbili kamili. Paini inafaa ukiiongezea chini yake, pale vaisi inapokaa, kipande cha plaiwudi nene au mbao nyingine ngumu. Meza ya gambudi usijaribu. Miguu iwe na mbao za mshazari, hizo ndo zinazozuia benchi kuyumba mbele nyuma unapopiga tupa, miguu minne mitupu hata ikiwa minene inayumba. Chini weka rafu, jaza mawe, mifuko ya mchanga, vyuma vyako chakavu, uzito ni rafiki. Ukiweza lifunge ukutani kwa vipande viwili vya engo (chuma cha umbo la L) na bolti za kupanuka, kama ukuta ni wa tofali imara. Ukuta wa udongo hautashika, tegemea uzito.

Bolti, na hesabu yake

Skrubu za mbao hapana. Bolti inayopita mpaka chini ndo jibu, za mm 10 kwa vaisi ndogo na mm 12 kwa inchi 5 kupanda, zile mm 12 nyingi zinafungwa na spana 19, nyingine 18. Nenda na vaisi dukani au pima tundu lake kabla, bolti iingie bila kulazimisha na isiwe na nafasi kubwa ya kucheza.

Urefu unapatikana hivi: unene wa sikio la vaisi, tuseme mm 20, jumlisha mbao mm 50, jumlisha bamba la chini mm 6, jumlisha nati mm 10 na washa na nyuzi mbili tatu za kutokeza, unafika kama 95. Nunua za mm 100, ambazo ni inchi 4 hivi.

Chini ya mbao usiweke washa ndogo peke yake. Ukikaza inazama kwenye mbao kama kidole kwenye ugali, na baada ya mwezi vaisi imelegea. Tafuta kipande cha flatibaa, yaani chuma bapa, cha mm 6, urefu wa kuunganisha matundu mawili, ukitoboe, kimoja mbele kimoja nyuma. Alafu ndo washa, spring washa, nati. Ukipata nati zile zenye plastiki ndani ni nzuri zaidi, zenyewe hazihitaji spring washa.

Kutoboa na kufunga

1. Kalisha vaisi mahali ulipochagua. Bana kwenye taya skwea paipu iliyonyooka ya kama mita moja, ilale. Pima kutoka paipu mpaka ukingo wa benchi upande wa kushoto, alafu kulia. Taya zenyewe ni fupi, zikipinda milimita moja huoni, lakini kwenye ncha za paipu ya mita unaona sentimita nzima. Sogeza mpaka namba mbili zilingane.

2. Kama kitako kinazunguka, kwanza kiweke kwenye nafasi yake ya mbele na ukaze zile loki mbili. Hakikisha mikono ya loki itakuwa na nafasi ya kuzungushwa, haigongi bolti.

3. Chora kwa penseli iliyochongwa vizuri ndani ya tundu MOJA tu. Toa vaisi, tafuta katikati, gonga panchi, kile chuma chenye ncha cha kuweka alama.

4. Toboa na biti ndogo kwanza, mm 5, alafu panda mpaka 13 kwa bolti ya 12. Drili nyingi za nyumbani mdomo wake unaishia hiyo 13, imetosha. Biti isimame wima, weka skwea (kipimo cha pembe mraba) pembeni yake na mtu mwingine asimame upande akuambie inalalia wapi. Chini bana kipande cha mbao cha kutupa ili biti ikitoka isipasue.

5. Rudisha vaisi, pitisha bolti kwenye tundu hilo, rudia kipimo cha paipu, ndo uweke alama ya tundu la mshazari wake. Toboa, weka bolti, pima tena, malizia yaliyobaki. Najua inaonekana ni kuzunguka, kutoboa yote kwa pamoja ni haraka, lakini biti ikitereza milimita mbili kwenye tundu moja bolti nne haziingii zote na utaanza kupanua matundu, na tundu lililopanuliwa ndo mwanzo wa kucheza.

6. Kabla ya kukaza pitisha karatasi chini ya kila sikio. Panapopita kirahisi pana uwazi, pachomeke kipande cha bati cha kuziba uwazi huo. Usiruke hapa. Ukikaza bolti juu ya uwazi unalazimisha kasti ipinde, na nilishasema kasti haipindi. Nimewahi kusikia sikio likilia "ta!" kwenye vaisi mpya ya mtu, zamu mbili za spana za mwisho, na benchi lake lilikuwa na kibonde cha milimita moja na nusu tu.

7. Kaza mshazari kama unavyofunga tairi, kila bolti kidogo kidogo, zunguka mara tatu.

Sasa ijaribu. Bana paipu ndefu, mwenzako aishike aisukume mbele nyuma kwa nguvu, we weka kidole nusu kiwe juu ya kitako cha vaisi na nusu juu ya mbao. Jicho linadanganya, kidole hakidanganyi, kikihisi mtelezo hata kidogo ujue bolti haijakaza au tundu ni pana. Kidole kikitulia ila benchi lote linatikisika, rudi kwenye mbao za mshazari na uzito wa chini.

Kama huna benchi, au umepanga

Uani, chini ya mwembe, nguzo ni bora kuliko benchi baya. Chukua paipu nene ya inchi 4 au kipande cha chesisi ya gari, chini kichomelee vipande vya nondo vya msalaba kisizunguke ardhini, chimba futi mbili na ushee, mwaga zege la moja mbili nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Limwagilie asubuhi na jioni wiki nzima kabla ya kugusa. Juu ya nguzo chomelea bamba la mm 10, litoboe, vaisi uifunge kwa bolti. Vaisi yenyewe usiichomelee kwenye nguzo hata fundi akikwambia ni dakika tano, ule moto wa upande mmoja unapasua kasti, kama sio siku hiyo ni siku utakayogonga. Na bolti zina faida nyingine, jioni unaifungua unaingiza ndani, vaisi ikilala nje inaweza kuishia kwenye mzani wa chuma chakavu.

Aliyepanga chumba, funga vaisi kwa bolti kwenye kipande cha mbao cha inchi mbili, kama futi moja kwa futi moja na nusu, vichwa vya bolti vizamishwe chini visichubue meza. Mbele chini pigilia ubao unaoshika ukingo wa meza, alafu bana kwa klampu mbili nene. Haitafikia ile ya kudumu, kugonga nyundo kubwa hapo usahau, lakini kwa tupa na msumeno inafanya kazi.

Siku za mwanzo

Kaza kwa mkono wako tu. Paipu ya kurefusha mpini inavunja nati ya ndani au inapinda mpini. Ukigonga, gonga kuelekea taya ya nyuma, ile iliyosimama, na kama ni kunyoosha msumari tumia kile kibapa cha nyuma kilichotengenezwa mfano wa fuawe, sio juu ya taya wala kwenye reli inayotembea. Kitu ukikibana upande mmoja wa taya, upande wa pili weka kipande cha unene ule ule, la sivyo taya ya mbele inakaa mshazari na siku itazoea hivyo. Kwa shaba, aluminiamu au kitu chenye rangi, kunja vipande viwili vya engo ya aluminiamu au ngozi nene uvivalishe kwenye taya.

Skrubu kubwa isafishe kwa brashi, grisi paka kidogo tu, ikizidi inakusanya unga wa chuma na kuwa kama msasa.

Na usisahau mbao yako. Kama benchi ni jipya na mbao haikukauka vizuri, itasinyaa na bolti zitalegea zenyewe bila mtu kuzigusa. Pita na spana baada ya wiki, tena baada ya mwezi, na tena kiangazi kikishakolea.